Bahasha Nene

Mkuu wa idara alikuja msibani siku ya pili, asubuhi, wasifu wa marehemu ukiwa umeshachapwa. Kulikuwa na pengo moja tu, la tarehe ya kuzaliwa, na ndilo alilotaka nimjazie. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, kanga kichwani, miguu nimeinyoosha. Alichuchumaa mbele yangu, akaivuta suruali yake ya pasi isiguse chini.

"Shikamoo mama. Pole sana mama."

Nilimwitikia, nikazichukua zile karatasi mbili, nikaanza kusoma. Mimi ni wa darasa la saba na nasoma taratibu. Alisubiri vilevile amechuchumaa mpaka magoti yakaanza kumtetemeka. Sikumwambia akae. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtu yule nilimchukia kwa miaka minne, na siku ile nilimchukia zaidi, kwa kuwa ndiye aliyepangwa kusimama kaburini kumsifia mume wangu.

Karatasi zilisema marehemu alikuwa profesa mshiriki wa aljebra. Zilitaja alikosoma na miaka aliyofundisha, zikasema alikuwa mpole na mchapakazi, na kwamba mchango wake hautasahaulika. Mchango gani, hazikusema.

"Kuna sentensi haimo," nikamwambia.

"Ipi mama? Tutaongeza."

"Ile fotokopi uliyoitoa siku ya semina. Andika ulikuwa nayo tangu lini."

Wanawake wakaacha kunong'ona. Yeye alisimama, akakung'uta magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

"Mama, leo si siku yake."

"Siku yake ni ipi?"

Alichukua karatasi zake akaenda kukaa na wanaume chini ya turubai la chuo.

Ili swali langu lieleweke inabidi nieleze kazi ya mume wangu, na nitaieleza kama nilivyoielewa mimi.

Nilikutana naye kwenye nyumba za walimu wa chuo, chini ya mlima. Mimi ni Mluguru wa huko juu, njia ya Mkuyuni. Nilikuwa nashuka na tenga la njegere na kabichi, nazungusha nyumba kwa nyumba. Yeye alikuwa Mnyamwezi, mhadhiri, amerudi kutoka masomoni Ulaya ya Mashariki, anaishi peke yake na vitabu. Siku moja nilikaa barazani kwa jirani yake nikimsuka binti wa nyumba ile. Akasimama pale akaangalia vidole vyangu muda mrefu hadi nikaona haya.

"Ukianza kupitisha wa kushoto halafu wa kulia," akauliza, "na ukianza wa kulia halafu wa kushoto, mwisho unapata msuko uleule?"

"Hata mtoto anajua si uleule. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu?"

"Ndiyo."

"Basi watoto wa watu wamepatikana."

Alicheka. Baadaye ndipo nikajua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Aljebra yake haikuwa ya namba. Ilikuwa ya misuko: nyuzi tatu, nne, au kadiri utakavyo, zinazopishana juu na chini. Kila mpishano aliupa herufi yake, kwa hiyo msuko mzima ukawa mstari wa herufi. Swali lake lilikuwa hili: mtu akikupa mistari miwili mirefu ya herufi, utajuaje, bila kufumua kitu, kama ni msuko mmoja au ni miwili tofauti? Kwa misuko ya kawaida, alisema, wakubwa walishajibu zamani. Yeye alikamata aina moja ngumu ambayo jibu lake lilikuwa bado. Alilishika swali hilo kabla hatujaoana, na watoto wetu wawili walizaliwa wakalikuta mezani.

Nilimwita Mwalimu, na mpaka anakufa sikumwita vingine.

Kisha ukaja wakati wa ruksa. Maduka ya Morogoro yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za rangi, mitumba na redio za kaseti. Kila kitu kilikuwepo, ila mshahara wa mwalimu wa chuo haukuvuka wiki mbili. Kila mwalimu akawa na mradi. Mmoja alifuga nguruwe, mwingine alinunua mashine ya kusaga. Wenye uchumi na takwimu walipata kazi za ushauri kwa wafadhili, wakawa wanapanda magari meupe kwenda hadi Kisaki kuwauliza wakulima wanakula mara ngapi kwa siku. Kuna waliohama kabisa, wakaenda kufundisha Botswana. Mume wangu alisema hakuna mfadhili anayehitaji ushauri wa misuko. Alisema kwa majivuno. Majivuno hayo niliyalisha mimi, kwa kuku.

Nilifuga kuku wa nyama kwenye banda la uani, nikawa nawapeleka kwenye hoteli za mjini. Wake wa walimu walinisema. "Mke wa profesa ananuka mashudu," alisema mmoja, nami nikiwa nyuma yake dukani. Nilimwambia shikamoo. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi. Akaona haya, akaondoka bila sukari yake.

Siku moja Mwalimu alinipeleka maktaba kunionyesha kitu. Majarida ya hesabu yalikuwa yamepangwa kwa miaka, yamejalidiwa, migongo ya bluu, rafu baada ya rafu. Katikati ya rafu moja yakakoma. Fedha za kigeni za kuyalipia zilikuwa zimekwisha. Kwenye mbao tupu zilizofuata mtu alikuwa ameweka ndoo na kitambaa cha deki.

"Kwetu sisi dunia imeishia hapa," akasema.

Tangu hapo akawa anaandika kadi ndogo za posta kwa watu asiowajua, huko nje, kuwaomba nakala za kazi zao. Baadhi walituma. Wengi hawakutuma. Na kila alipomaliza kipande cha kazi yake alikipeleka ofisini kichapwe. Mashine ya idara haikuwa na alama zake, kwa hiyo mchapaji aliacha mapengo, na Mwalimu alikaa nyumbani akiyajaza kwa kalamu, pengo moja baada ya jingine, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

Sanduku la posta lilikuwa kazi yangu, kwa kuwa mjini nilikwenda mimi. Kiingereza changu kilitosha kusoma majina ya dawa za kuku. Lakini nilijifunza kusoma bahasha kwa mkono. Nyembamba ilikuwa heri: salamu, shukrani, nakala ya kurasa chache. Nene, ya kaki, ilikuwa kazi yake imerudishwa nzima nzima na karatasi ya juu ya kumwambia kwa nini hawaitaki. Aliisoma karatasi hiyo ya juu akiwa amesimama, akaiweka mezani, akaacha kula. Siku tatu. Mara nyingine wiki. Alipopatikana na presha, daktari akasema apunguziwe mambo ya kumshtua. Basi nikawa nazichelewesha. Bahasha nene ikija naiweka mpaka ale ashibe, au mpaka amalize kusahihisha mitihani. Nilijiona mke mwenye akili.

Sasa huyu mkuu wa idara. Alikuwa mwanafunzi wake, mwenye akili kuliko wote, kisha akaajiriwa hapohapo idarani. Jumapili alikula kwetu. Alikuwa anaingia jikoni bila hodi.

"Mama, firigisi ya nani leo?"

"Ya Mwalimu."

"Mwalimu anakula herufi, mama. Nipe mimi firigisi."

Nikampa. Mara nyingi nilimpa. Kisha akapata nafasi ya kusoma nje, akaenda, akakaa miaka minne. Aliporudi alikuwa na pikapu na kompyuta, na hakuja kutusalimu. Tukikutana njiani ananyanyua mkono akiwa ndani ya gari. Nikamwambia Mwalimu, huyu mtoto ana nini? Mwalimu akasema ana shughuli. Mwaka haujaisha wakampa ukuu wa idara, maana wakubwa walishahama.

Mwaka uliofuata Mwalimu akamaliza. Swali lote, mpaka mwisho. Akajaza fomu za kupandishwa kuwa profesa kamili, na akatakiwa kuieleza kazi hiyo mbele ya wenzake. Nilipika maandazi, nikabeba chai kwa chupa, nikakaa nyuma ya chumba karibu na vikombe. Alizungumza Kiingereza, lakini michoro niliijua. Ilikuwa nyuzi zilezile alizokuwa akizichora nyuma ya karatasi za chanjo ya kuku. Koti lake lilijaa chaki. Sijawahi kumwona na furaha namna ile, hata watoto walipozaliwa, na nasema hivyo bila wivu.

Walipiga makofi. Mkuu wa idara akasimama.

"Nitasema kwa Kiswahili," alisema, "ili hata mama aliyetuletea chai aelewe. Kazi nzuri sana, Mwalimu. Bahati mbaya imeshafanywa." Akatoa fotokopi kwenye faili, akaiinua juu. "Swali hilihili, jibu hilihili. Lilichapishwa miaka saba iliyopita. Naamini Mwalimu analijua."

Mtu mmoja mbele akasema, "Kumbe tumemwoza mke wa mtu!" Wakacheka. Mkuu wa idara naye alicheka. Kidogo tu, lakini alicheka. Nilimwona.

Mwalimu alikwenda akaichukua ile fotokopi, akaisoma akiwa amesimama, vilevile alivyozisoma karatasi za juu za bahasha zake.

"Asante," akasema. "Hii sikuiona."

"Hukuiona," akasema yule bwana. Hakuwa anauliza.

Nilipokwenda kukusanya vikombe niliiangalia ile fotokopi mezani. Mikunjo yake ilikuwa imeshaanza kuwa na rangi ya chai. Mimi nimefunga bidhaa kwa karatasi kuukuu miaka mingi, najua karatasi iliyokunjwa jana na iliyokunjwa miaka ya nyuma. Alikuwa nayo siku nyingi. Aliikalia akamwacha mzee wa watu aendelee kulima shamba lililokwisha kuvunwa, ili aje amwaibishe mbele za watu. Hivyo ndivyo nilivyoona, na sikuona vingine kwa miaka minne.

Njiani nilimuuliza Mwalimu, "Alikuwa nayo tangu lini?"

"Sijui. Usimuulize."

Fomu zake zilirudishwa. Idarani wakawa wanamtazama kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani kwapani. Aliendelea kuwafundisha wa mwaka wa kwanza, na nyumbani hakuchora tena. Alianguka akiwa kwenye kiti anasahihisha mitihani, na hospitali hatukumfikisha.

Wajomba zangu walikubali alale kwenye ardhi ya ukoo wetu huko juu, kwa kuwa mwenyewe aliomba. Lori la chuo lilitufikisha Mkuyuni na mbele kidogo. Kutoka hapo jeneza lilipanda kwa mabega. Mvua ilikuwa imenyesha. Walimu wa chuo waliteleza na viatu vyao, na sikuwahurumia.

Juu walitusubiri watani. Mnyamwezi na Mluguru wanataniana tangu enzi za misafara, kwa hiyo mume wangu alikuwa na watani kijiji kizima. Msiba wa mtani una kazi yake: unakwenda kumkejeli maiti na wafiwa, unaficha majembe, unavaa nguo za marehemu, na hakuna ruhusa ya mtu kukasirika. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja muuza ndizi, mwembamba, sauti ya shoka. Tulimkuta ameshavaa koti la Mwalimu, sijui alilipata wapi, na miwani yake kichwani. Alishika ungo kwa mkono mmoja na mkaa kwa mwingine.

"Darasa kimya! A jumlisha kuku, toa mshahara, sawasawa na nini?"

"Mke kukonda!" wakaitikia.

"Vizuri. Watu wote nchi hii wanahesabu pesa, mtani wangu anahesabu herufi. Ndiyo maana amekufa na kalamu mkononi kama karani wa magendo!" Akawageukia wa chuo. "Nyie mbona hamwandiki? Mtihani kesho, na msimamizi ni funza."

Walimu wa chuo walitazama viatu vyao. Mimi nilicheka huku nalia, ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikamvuta yule bibi nyuma ya nyumba, nikamwambia habari ya semina na swali langu.

"Unataka nimtoze?"

"Sitaki hela. Nataka aseme alikuwa nayo tangu lini, watu wasikie."

Akanitazama. "Mwanangu, mtani akishauliza hatumrudishii swali mdomoni. Umefikiri?"

"Nimefikiri."

Sikuwa nimefikiri. Nilikuwa na hasira, na hasira inafanana sana na kufikiri.

Kaburini mkuu wa idara akausoma wasifu, tarehe ya kuzaliwa ikiwa imejazwa na mtu mwingine. Aliposema mchango wake hautasahaulika, yule bibi akateremka kaburini na koti lake, akakaa chini, akakunja miguu.

"Sitoki."

Ni kawaida ya watani. Watu wakaanza kumrushia sarafu ili atoke. Akazirusha nje moja moja.

"Hela zenu mkanunulie sabuni ya rangi. Namtaka huyu msomaji. Wewe wa tai! Ile karatasi uliyomwaibishia mtani wangu, ulikuwa nayo tangu lini? Sema, la sivyo nalala hapa na mgeni wenu mtamtafutia shimo lingine."

Mkuu wa idara alijaribu kucheka. Akamtazama padri, lakini padri yule ni wa kwetu, akatazama milima. Hapo yule bwana akakunja zile karatasi za wasifu, akaziweka mfukoni.

"Tangu mwaka wangu wa kwanza kule nje," akasema.

"Eeeeh!" watu wakaguna.

"Miaka yote hiyo umeiatamia! Imeangua nini?"

"Sikuiatamia, bibi. Nilitoa nakala mbili. Moja nilimtumia Mwalimu kwa posta wiki ileile, na barua. Nilimwambia asimame, abadili swali, bado kuna muda. Hakunijibu. Niliporudi nikasikia bado analo lilelile na anasema linakaribia kuisha. Nikadhani..."

"Ulidhani nini?"

"Nikadhani anataka kutudanganya."

Bibi akapiga makofi kule chini. "Mwongo! Jamani, posta inasingiziwa mengi! Bahasha yako ilikuwa na miguu?"

Watu wakamzomea. Yeye hakuwatazama. Alinitazama mimi.

"Ilikuwa bahasha kubwa, nene, ya kaki," akasema. "Posta ulikuwa unakwenda wewe, mama."

Wote wakanigeukia.

Niliikumbuka palepale. Wiki ile kuku walikuwa wanakufa kwa mdondo. Kila asubuhi nilitoa kapu zima na kwenda kuchoma. Mwalimu alikuwa ametoka kulazwa siku mbili nyuma, presha bado iko juu. Bahasha ilikuwa nene, na stempu zake zilikuwa na picha ya ndege. Niliipima kwa mkono, nikasema moyoni, hii itamuua. Nikaiweka kwenye stoo ya banda, ndani ya debe lenye karatasi za chanjo, nikasema nitampa akipata nguvu.

Nimejiuliza mara nyingi kama kweli niliisahau. Baadaye niliisahau. Lakini wiki za kwanza sikuisahau; nilikuwa nachota pumba karibu na debe lile kila siku, namwona anakula vizuri, analala vizuri, anachora. Nikaona heri.

Pale kaburini nilinyamaza. Ninyi mnaosoma mnaweza kudhani ni majonzi. Hayakuwa majonzi. Niliogopa. Watu wakauchukua ukimya wangu kuwa jibu, bibi akatoka shimoni akiwa ameshinda, na tukamzika Mwalimu. Mkuu wa idara aliposhuka mlima kulifuata lori, watani walimfuata na wimbo wa bahasha yenye miguu, walioutunga palepale, mpaka chini kabisa. Tope lilikuwa limemfika magotini.

Wiki haijaisha ikaja barua ya ofisi ya nyumba za chuo kunikumbusha kuhama. Nilianza na banda. Debe lilikuwa palepale, kifuniko kimeshika kutu, nikakifungua kwa panga. Bahasha ilikuwa chini ya karatasi za chanjo, imefungwa kama ilivyokuja. Ndani mlikuwa na fotokopi, pacha wa ile ya semina, na barua ya kurasa mbili. Nilitegemea Kiingereza. Ilikuwa Kiswahili.

"Mwalimu, shikamoo," ilianza. Ilisema ameikuta makala hii maktaba, akakaa nayo siku nzima akitafuta kosa ndani yake ili asilazimike kuituma, na kosa hakuliona. Ilisema njia ya Mwalimu, kwa pale alipoiacha, ni nzuri kuliko ya huyu mtu, na inaweza kushika swali jingine, akalitaja, ukurasa mzima wa herufi. Mwishoni iliandikwa: "Msalimie mama. Mwambie firigisi za huku hazina ladha."

Nilikaa kwenye gunia la mashudu. Kwa hiyo palikuwa na swali jingine. Angekuwa na miaka mitano ya kulifanya kabla ya ile semina, na mingine minne baada yake.

Nilimpelekea yule bwana ujumbe wa maneno machache, aje kwenye arobaini, nina jibu lake. Sikutegemea aje, lakini alikuja, akasimama mbali karibu na migomba. Watani walipomwona wakaanza wimbo wao. Nikasimama, nikawaambia wanyamaze. Nikainua bahasha.

"Hii hapa," nikasema. "Haikuwa na miguu. Niliificha mimi."

Nikaisoma ile barua kwa sauti, taratibu, kila neno, mpaka kwenye firigisi. Zile herufi sikuweza kuzisoma, nikasema hapa kuna herufi, nikaendelea. Nilipomaliza hapakuwa na mtu wa kunitania, hata yule bibi. Kisha akajikohoza.

"Faini ni jogoo wawili," akasema. "Mmoja wa kwako kwa kuficha, mmoja wa kwangu kwa kumwita mtu mwongo nikiwa kwenye shimo la mtu."

Mkuu wa idara akasogea. Nikampa bahasha. Aliishika kwa mikono yote miwili.

"Miaka yote hii, mama."

"Ndiyo."

"Lile swali jingine angeliweza. Mimi nimelijaribu, limenishinda."

"Ndiyo. Na wewe uliporudi ulikuja kwangu mara ngapi?"

Akaigeuzageuza ile bahasha mikononi.

"Ungekuja kula siku moja tu, ungeuliza kama barua ilifika. Mwalimu angesema barua gani. Ningesikia nikiwa jikoni."

"Nilikuwa na hasira, mama. Nilimwamini kuliko watu wote."

"Ukangoja watu wajae ndiyo ukaitoa. Ukacheka."

"Nilicheka," akasema.

Hatukupeana mkono. Sitaki mtu adhani tulikumbatiana pale na mambo yakaisha. Bahasha niliificha mimi. Kucheka alicheka yeye. Na aliyelala pale hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilimwomba kitu kimoja: ule wasifu unaokaa kwenye faili la chuo urekebishwe, ili atakayeufungua asije akadhani mume wangu alitaka kudanganya watu. Akasema atafanya.

Karatasi zilinifikia huku juu mwezi uliofuata, nikiwa nimeshahama. Alikuwa ameongeza sentensi mbili. Niliisoma ya kwanza mara nyingi: marehemu alilijibu swali lake peke yake hadi mwisho, bila kujua kwamba limekwisha kujibiwa, na kwa njia iliyo nzuri kuliko ile iliyochapishwa. Ya pili ilisema barua ya kumjulisha ilitumwa, lakini haikumfikia.

Haikusema kwa nini. Labda alinistahi. Labda hakutaka jina la mke wa mwalimu wake likae kwenye faili. Lakini wasifu wa namna hiyo ulikuwa bado na pengo, na mimi nimeishi na mtu wa kujaza mapengo miaka mingi. Nilichukua kalamu ya Mwalimu, nikaandika baada ya neno la mwisho, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba: "kwa sababu mkewe aliificha." Kisha nikazirudisha kwa posta, katika bahasha nyembamba.